Mtungo wa Maneno: Shajara ya Darasa la Awali, Pangani 2024

Shajara hii, inayohusu kuwafundisha watoto maneno na kuandika, ni kwa ajili ya walimu wa awali wenye darasa kubwa na fedha kidogo, hasa sisi wa mwambao. Kila hatua nimeiandika ilipokamilika. Hatua za kawaida nimezipita mbio, na palipokwama nimepaeleza kwa urefu, maana hapo ndipo mtu hupoteza muda na fedha asipoonywa. Bei zote ni za mwaka 2024, Pangani mjini na Tanga, kwa shilingi za Tanzania.

## 19 Januari 2024: Darasa lilivyo

Shule yetu iko ng'ambo ya mto Pangani, upande wa kusini, karibu na ufukwe. Darasa la awali lina watoto 58 katika chumba kimoja, wengi wa miaka mitano, wanakaa mikekani. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wazazi wameitikia, na sitaki mtoto yeyote arudishwe nyumbani. Kwa hiyo lolote nitakalojaribu mwaka huu sharti liwezekane kwa watoto 58 na mtu mmoja.

Malengo ni mawili. La kwanza, kila mtoto aongeze maneno anayoyaelewa na kuyatumia. La pili, kufikia Novemba aandike jina lake na maneno machache yaliyotoka kichwani mwake, bila kunakili ubaoni.

Kabla ya kuanza nilipanga vitu kwenye sinia: kata, kifuu, upawa, kifumbu, ndoana, mshipi, kombe, kufuli, sindano, ndimu, kipande cha dema (mtego wa samaki) kuukuu. Nikawaita watoto wachache wachache. Kila mmoja ataje kitu, aseme kina kazi gani, kisha akiweke ninapomwelekeza: juu ya kifuu, kando ya sinia, kati ya ndimu na kufuli.

Majina yaliwatoka bila taabu. Ya baharini ndiyo usiseme: yupo mtoto aliyenitajia samaki mmoja baada ya mwingine, wengine mimi siwezi kuwatofautisha hata wakiwa kikapuni. Shida ilikuwa kwenye vitenzi na maneno ya mahali. "Ndoana ina kazi gani?" "Inafanya hivi," mkono unapinda. Kunasa, kuvuta, kutia chambo, kutegua, hayo hayakuja. "Kando ya" na "kati ya" wengi waliyachanganya. Nilikuwa nimeandaa orodha za matunda, wanyama na rangi za kuanzia mwaka. Nimeziweka pembeni, nitaanza na vitenzi.

## 9 Februari 2024: Chati za dukani na kona ya vitu

Nilinunua chati tatu za picha Tanga mjini, 5,000 kila moja. Zina rangi nzuri na karatasi yake inang'aa. Lakini kwenye chati ya matunda kuna tufaha, zabibu na tunda jingine ambalo hata sisi walimu tulibishana jina lake. Embe lipo, dafu halipo, ukwaju haupo, ubuyu haupo. Watoto walikariri "tufaha" kwa sauti moja, na wiki iliyofuata nikionyesha ile picha wanasema nyanya. Neno lisilo na kitu cha kushika, kuonja wala kunusa halikukaa. Elfu kumi na tano zimetundikwa ukutani kama pambo.

Badala yake nimetenga kona. Watoto wanaleta vitu kutoka nyumbani, tunavizungumzia, kisha ninaandika jina mbele yao kwa herufi ndogo na kulibandika. Sheria ya kona ni moja: kitu hakikai mezani mpaka darasa litoe vitenzi vyake viwili. Kifumbu: kuchuja, kukamua. Mchi: kutwanga, kuponda. Kawa: kufunika, kufunua. Kasia: kupiga, kusukuma. Mtoto akikwama, anaonyesha kwa mwili na wenzake wanatafuta neno. Ndani ya muda mfupi walianza kubishana wenyewe kama kutwanga na kuponda ni kitu kimoja. Ubishi ule ni somo la msamiati kuliko lolote nililowahi kuliandaa kwenye daftari.

Gharama: manila sita kwa 700 (4,200), maka mbili kwa 1,500 (3,000). Gundi niliipika kwa unga wa muhogo ili kuokoa fedha, na hapo pakaharibika. Usiku mende waliila gundi, na karatasi pia. Jumatatu asubuhi nusu ya majina yalikuwa chini yametobolewa. Nimeachana na gundi ya unga kabisa. Sasa majina yananing'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, pakiti 2,000. Vibanio vimeleta faida ambayo sikuitarajia: watoto wanapenda kuvibana na kuvibanua, na kazi hiyo inatia nguvu kidole gumba na cha shahada, vidole vile vile vya kushikia penseli.

## 1 Machi 2024: Penseli zimerudi kabatini

Februari yote tuliandika mistari ya "a" na mistari ya "u" kwenye daftari, kama inavyofanyika katika madarasa mengi. Wengi walishika penseli kwa ngumi nzima. Ncha zilikatika, karatasi zilichanika, na watoto wawili watatu walianza kulia wakiona tu madaftari yanatolewa. Kuchonga penseli za watoto 58 kwa wembe ni hatari na kunakula kipindi kizima. Zaidi ya yote, mtoto aliyejaza ukurasa mzima wa "a" alipoulizwa ameandika nini alisema, "Kazi."

Nimezirudisha penseli kabatini na tumeanza na mikono.

Bibi mmoja jirani wa shule, msukaji wa mikeka, alikubali kuja kukaa nasi. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba vidole vya watoto bado ni legelege. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mlete huku aliyekushinda kwa vidole." Huwapa miyaa (majani ya kusukia) mitatu mitatu, wanasuka ukili mwembamba, mrefu kadiri wanavyoweza. Wengine wanafinyanga udongo wa mtoni, wengine wanachambua choroko na mchele, wengine wanatunga vipande vya mabua kwenye uzi. Zawadi ya bibi ilikuwa kilo ya sukari, 4,000, na ilikuwa miezi ile sukari imepanda. Hakutaka fedha.

Trei za mchanga ndizo zilizosumbua. Mchanga wa ufukweni tuliouchota ulikuwa na vipande vya makombe, vidole viliuma. Tukaupitisha kwenye chekecheke. Ukiwa mkavu sana alama inajifuta yenyewe, ukiwa maji unaganda kwenye vidole. Kinachofaa ni kuunyunyizia maji kidogo asubuhi na kuukoroga, uwe na unyevu wa mchanga ambao bahari imeutoka saa chache zilizopita. Trei za kwanza zilikuwa maboksi ya karatasi na ziliraruka mara moja. Fundi seremala alitengeneza sita za mbao kwa 3,500 (21,000). Sehemu ya ndani tuliipaka masalio ya rangi ya ubao: chini pawe peusi, mchanga mweupe, mstari unaonekana hata kwa mtoto aliyekaa mbali. Usiache kupaka. Trei isiyopakwa mstari wake hausomeki.

Na chaki: nimezivunja vipande vidogo, urefu wa ncha ya kidole. Kipande kidogo namna hiyo hakishikiki kwa ngumi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinalazimika kukutana. Sikuhitaji kumwambia mtoto hata mmoja "shika hivi". Maboksi mawili ya chaki, 4,000. Sakafu ya saruji ndiyo ubao wao.

## 22 Machi 2024: Bara kwenda bahari

Tuko Ramadhani na mahudhurio yamepungua, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuwaangalia watoto mmoja mmoja wanapochora sakafuni. Wengi wanaanza upande wa kulia. Wanaandika jina kutoka kulia kwenda kushoto, herufi moja moja, kwa mpangilio sahihi wa kuanzia huko.

Kugeuza herufi ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huu popote, na huisha lenyewe kwa wengi. Hili la kuanzia kulia lina sababu yake: karibu wote wanakwenda chuo cha Kurani jioni, na wanajua alifu na be tangu kabla hawajaja kwangu. Wanajua tayari kwamba alama ina sauti, kwamba alama zinakaa kwa mpango, na kwamba maandishi yana heshima. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya hizi za Kirumi. Sikutaka mtoto asikie kwamba alichokijua chuoni ni kosa shuleni.

Nilikwenda kwa maalim. "Shikamoo maalim." "Marahaba mwanangu, karibu." Nilipomweleza alicheka kwa furaha, akasema na yeye amepata wawili wanaoanza alifu kutoka kushoto, akajiuliza wametoa wapi. Tukakubaliana tutumie alama moja, yeye na mimi.

Ubao wangu uko ukuta wa kaskazini, na chuoni watoto hukaa wameelekea kibla, ambako kwa huku kwetu pia ni kaskazini. Ukikaa hivyo, bara iko kushoto na bahari iko kulia. Kwa hiyo: Kiswahili cha shule kinatoka bara kwenda bahari; Kiarabu cha chuo kinatoka bahari kwenda bara. Watoto walielewa papo hapo, wakawa wanasema kwa kuonyesha mkono.

Ilifaa ubaoni, ikakwama mikekani. Watoto wakikaa duara, aliyeelekea kusini bahari yake iko kushoto. Mtoto mmoja mwelekevu sana aliandika kutoka kulia, nikamuuliza, akaninyooshea kidole dirishani: bara ile pale. Alikuwa sahihi kabisa.

Suluhisho: kila karatasi sasa ina bara na bahari yake. Kushoto kuna mnazi, kulia kuna wimbi. Nilichora kwa mkono nikachoka, kisha nikachonga mihuri miwili kwa vipande vya muhogo mbichi. Muhuri wa muhogo unadumu siku chache kabla haujasinyaa, unachonga mwingine. Wino wa mhuri chupa moja, 3,000. Kwenye trei za mchanga mnazi na wimbi vimepakwa rangi ubavuni. Maalim naye ameweka wimbi mwanzoni mwa mstari wake.

## 10 Mei 2024: Kadi za maneno yao

Mvua za mwaka huu hazikuwa na huruma. Paa limevuja juu ya kona ya vitu na maandishi ya maka yameyeyuka. Majina yote yameandikwa upya, safari hii kwenye vipande vya maboksi ya biskuti na sabuni ambayo wenye maduka wanatupa bure. Yanastahimili unyevu kuliko manila, na hayapindi. Ningeanza nayo.

Hatua ya kadi nimeichukua kwa Sylvia Ashton-Warner, mwalimu aliyefundisha watoto wa Kimaori vijijini New Zealand. Yeye alimwuliza kila mtoto neno analolitaka, akaliandika kwenye kadi mbele yake, mtoto akaondoka nalo. Neno la kwanza la kusomwa likawa lile lenye uzito moyoni mwa mtoto. Na sisi tumewahi kuwa na kitu cha jamaa hiyo: mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968, uliwatungia watu wazima vitabu vya kusomea vinavyohusu pamba, ndizi na uvuvi, mambo wanayoyafanya kila siku.

Mwanzoni nililifanya kwa darasa zima na likaharibika. Wa kwanza alisema "pikipiki", na waliomfuata karibu wote wakasema pikipiki. Foleni ilikuwa ndefu, wa mwisho walikuwa wamelala mkekani. Niligawa darasa katika makundi ya meza: mchanga, ukili, udongo, kona ya vitu, sakafu na chaki. Kundi moja dogo linakaa nami kwa maneno, na siku ya pili linakuja jingine. Kila mtoto ananinong'oneza sikioni ili mwenzake asiige. Kwanza tunazungumza: nini kilikufurahisha jana, umeogopa nini, nani amekuja kwenu. Neno linatoka ndani ya mazungumzo.

Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na hata huku kwetu redio na wazazi hawakuzungumza kingine. Ngalawa zilivutwa juu. Wiki hiyo watoto kadhaa walitaka "kimbunga". Ni neno la silabi tatu na herufi nane, na katika mpango wa kawaida wasingelikutana nalo mwaka huu. Siku ya tatu walikuwa wanalitambua kwenye rundo la kadi, wakati "baba" na "bata" wanayachanganya mpaka leo. Nimeacha kuchagua maneno mafupi kwa kudhani ni mepesi. Wengine walitaka pweza, jini, mkate wa kumimina, jina la mdogo aliyezaliwa juzi. Mmoja alitaka "makaburini", maana walimzika babu yake. Niliandika.

Mtoto anafuatisha herufi kwa kidole, anaisoma kwa wenzake, kisha kadi inatobolewa na kuingizwa kwenye kamba ya katani yenye jina lake (katani 2,000, na Tanga haikosekani). Watoto wameiita mtungo, kama mtungo wa samaki anaorudi nao baba. "Mwalimu, mtungo wangu umekuwa mzito" ndiyo salamu ya asubuhi siku hizi.

## 31 Mei 2024: Silabi, kabla ya likizo

Ba be bi bo bu wanaiimba vizuri mno, na hilo ndilo lililonitia shaka. Nilipoonyesha "bo" peke yake, wakaanza kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka wafike. Nilipoanza na "bu" kurudi nyuma, darasa likanyamaza. Walikuwa na wimbo, macho hayakuwa na kazi.

Nimeuacha wimbo kwa michezo, na silabi tunazitoa kwenye mitungo yao. Tunapiga makofi kwanza: pwe-za, da-fu, ki-mbu-nga. Kwenye "mto" na "mti" walipiga makofi mawili bila kufundishwa, m-to, m-ti, wakati mimi nilijiandaa kuwaeleza. Baada ya makofi ninakata nakala ya kadi kwa mkasi penye mpaka wa silabi, na watoto wanaunganisha upya. Kisha wanabadilishana vipande: "da" ya dafu na "da" ya dagaa na "da" ya dada. Aliyegundua kwamba vipande vya watoto watatu vinafanana alipiga kelele hadi darasa la pili wakachungulia.

Likizo ya Juni wameondoka na mitungo yao. Nilihofu itapotea, lakini nilihofu zaidi maneno yakae peke yake shuleni mwezi mzima.

## 19 Julai 2024: Hadithi moja kwa wiki

Mitungo mingi imerudi. Michache ililiwa na mbuzi, mmoja ulikwenda na maji. Na familia kadhaa zimekwenda dago, yaani kambi za wavuvi, zimefuata samaki kusini. Watoto wao wamekwenda nao na sijui lini watarudi. Hilo nitalirudia.

Nusu ya kwanza ya mwaka nilisimulia hadithi mpya kila siku na kufafanua kila neno gumu. Hadithi ilikatika katika, utamu ukaisha, na maneno hayakubaki. Sasa ninachukua hadithi moja kwa wiki nzima na maneno manne tu. Wiki hii: nyemelea, shtuka, kunjua, telemka. Siku ya kwanza ninasimulia moja kwa moja bila kusimama. Siku ya pili ninasimama kwenye yale manne na tunayaigiza. Siku ya tatu watoto wanasimulia sehemu. Siku ya nne tunachora. Siku ya tano maneno yale yanatoka nje ya hadithi: nyemelea mlango, kunjua mkeka, telemka ngazi. Wazazi wameanza kuniletea habari. Mama mmoja alisema mwanawe alimnyamazisha jikoni: "Mama usipige kelele, paka ananyemelea dagaa."

Bibi wa mikeka amechukua Ijumaa. Akisema "Paukwa!" darasa linaitika "Pakawa!" kiasi cha kutikisa bati. Ana vitendawili visivyokwisha, na hapo nikaona mlango mwingine wa msamiati. Kutegua ni jambo moja, lakini kutega kunamlazimu mtoto aeleze kitu kwa umbo, kazi na tabia bila kukitaja. Tulianza na kile wanachokijua wote, nyumba yangu haina mlango. Kisha wakatega vya kwao. "Kitendawili!" "Tega!" "Mikono minane, mfupa hana." Mwingine naye: "Anakaa juu ya chakula, wala hali." Hiyo ni kawa, na ilichukua muda mrefu kuipata. Ninaviandika vyote.

## 23 Agosti 2024: Wanaandika, na wazazi wamekuja juu

Penseli zimetoka kabatini. Nimezikata nusu kwa ajili ya mikono midogo. Mshiko ni mzuri kwa walio wengi, na kurasa hazichaniki. Kila mtoto anachora, kisha anaandika anachokisikia kwenye neno lake, bila kuuliza.

Wanaandika "pwza", "kibuga", "nyuba", "gobe". Hayo si makosa ya ovyo. Mtoto aliyeandika "kibuga" amesikia silabi zote tatu na kuziweka kwa mpangilio. Kilichompita ni ule mvumo wa puani kabla ya b na g. Irabu nyingi wanazipata mapema, sauti za mb, nd, ng zinachelewa. Nimefundisha kwa mchezo wa kubana pua: sema "buga", sasa sema "mbunga", sasa bana pua useme tena. Kwenye "mb" pua inazibwa na sauti inakwama, watoto wanacheka, na sauti iliyofichika inakuwa kitu wanachokihisi kwa vidole. Baada ya hapo m na n zilianza kuonekana kwenye karatasi.

Wazazi walipoona madaftari yana "nyuba" bila alama nyekundu, walikuja. Baba mmoja aliweka daftari mezani, "Mwalimu, mtoto anakosea na wewe unamwangalia." Niliwaelewa. Wanataka watoto wao wafike mbali, na daftari lenye vyema ndilo ushahidi pekee waliozoea kuuona. Maelezo ya mdomo hayakutosha. Kilichofaa ni kuitisha kikao na kuwatandazia karatasi za mtoto yule yule kwa mfuatano: mikwaruzo ya Machi, "PZ" ya Mei, "pwza" ya Agosti. Yule baba aliziangalia kimya, akaomba apewe za mwanawe.

Na wameleta badiliko zuri. Walisema mtoto aone pia namna sahihi, na ni kweli. Sasa mtoto anaandika juu, mimi ninaandika namna sahihi chini kwa herufi za kawaida, bila kalamu nyekundu na bila kukata lake. Analinganisha mwenyewe. Rim ya karatasi, 13,000.

## 18 Oktoba 2024: Vitabu vyao

Babu mmoja mvuvi alikuja kutuonyesha anavyosuka dema. Watoto walimwuliza maswali, wakachora, wakaandika sentensi moja moja. Tumeshona kurasa kwa katani, jalada la boksi. Sasa tuna vitabu sita vya darasa, pamoja na kile cha vitendawili na kile cha kimbunga. Ndivyo vinavyosomwa kuliko vyote, kwa sababu kila mtoto ana ukurasa wake humo.

Tulianza kuviazimisha nyumbani bila mfuko na kimoja kikarudi na mafuta ya taa. Sasa kila kitabu kinasafiri ndani ya mfuko mbadala, ule usio wa plastiki, 15 kwa 300 (4,500), na huandamana na ombi moja kwa mzazi: mwombe akusomee, usimsahihishe, mwulize swali moja. Wazazi wasiojua kusoma wamenishukuru kwa ombi hilo, kwa kuwa wanaweza kulitimiza.

## 22 Novemba 2024: Sinia lile lile

Nimerudia sinia la Januari. "Inafanya hivi" imetoweka kwa wengi. Ndoana inanasa, inatobola, inakwama kwenye mwamba. Mtoto mmoja alinieleza hata jinsi ya kuikwamua. Maneno ya mahali yamekaa, isipokuwa kushoto na kulia, ambayo bado wanayaita bara na bahari. Nimeyaacha. Wengi wanaandika majina yao na maneno ya mitungo yao. Wachache bado wako kwenye mikwaruzo na herufi mbili tatu. Karibu wote hao ni waliokosa masomo sana wakati wa mvua, au waliokwenda dagoni.

Gharama ya mwaka: 75,700. Ukiondoa chati, 60,700, na trei za mbao ni theluthi yake na zitatumika miaka. Ukiwa na kidogo sana, nunua chaki na katani, omba maboksi dukani, na mtafute msukaji wa mikeka.

Kwa watoto wa dago nina jaribio la mwakani. Kila kadi nitaiandika nakala mbili, moja ya kamba ya mtoto na moja ya darasani, ili akirudi aendelee alipoachia. Nimezungumza na maalim. Chuo cha kule wanakokwenda anakifahamu, na amekubali kupeleka trei mbili na ujumbe wa mnazi na wimbi kabla ya upepo wa kusi kuanza.